Barua ya Bima Huja Kabla ya Tufani

Ndugu msomaji, wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba mtu akishajipatia nyumba yake mwenyewe amekwisha pumzika. Kodi ya chumba haimhusu tena, wala hapigiwi hodi na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari ya Tanga, alikuwa akisema kwamba mpangaji hulala jicho moja wazi, bali mwenye nyumba huyafumba yote mawili. Nami nakuandikia kutoka mji wa Fort Myers, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mahali ambapo mwenye nyumba huielekeza bahari jicho moja, na jicho la pili akalielekeza sanduku la barua.

Bahari huiangalia kwa sababu ya tufani, ambazo majira yake huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba kila mwaka. Sanduku la barua huliangalia kwa sababu humo ndimo inamofika barua ya kampuni ya bima, inayomwarifu kuwa ada ya mwaka ujao imepanda, au kwamba kampuni haitaki tena kuikatia bima nyumba yake. Tufani yaweza kupita mbali na mji wetu miaka kumi. Barua haikosi hata mwaka mmoja.

Mimi ni mwuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mume wangu ni dereva wa basi la shule. Mwaka 2014 tulinunua nyumba ya matofali ya saruji yenye vyumba 3, maili 9 kutoka ufukoni. Naitaja hali yetu kwa sababu walio mbali hudhani kwamba kupanda kwa bima ni kilio cha matajiri wenye majumba yanayotazama bahari. Sivyo. Wanaofagia hoteli za ufukoni, wanaopika, wanaouguza na wanaoendesha mabasi hawakai ufukoni, lakini wote wamo katika njia ya upepo ule ule. Hata mpangaji hajaokoka, maana mwenye nyumba akiongezewa ada ya bima, hapana budi mpangaji ataiona katika kodi yake.

CHAMA CHA KUZIKANA

Ili tuelewane vyema, tuanze na maana ya bima. Hakuna mtaa wa Uswahilini usiojua chama cha kufa na kuzikana. Wanachama mia moja hutoa kila mmoja kidogo kila mwezi; mwaka huo wakifiwa watatu au wanne, fedha za wale mia zinawasitiri wale wanne. Bima ya nyumba ni jambo lilo hilo. Nyumba elfu zalipa ada, chache zinaungua, na chache hizo zajengwa upya kwa fedha za wote. Hesabu hiyo yawezekana kwa sababu moto hauunguzi mji mzima usiku mmoja.

Tufani haina tabia hiyo. Siku inapofika huwapiga wanachama wote asubuhi moja. Ni chama gani cha kuzikana kitakachoweza kuuzika mtaa mzima kwa siku moja?

Kwa ajili hiyo, makampuni ya bima nayo hujikatia bima. Yapo makampuni makubwa ya ulimwengu, kama vile Munich Re ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1880 na Swiss Re ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1863, ambayo kazi yake ni kuyabeba makampuni mengine ya bima yanapolemewa. Makampuni hayo huitazama dunia nzima: tetemeko la ardhi la Japani, mafuriko ya Ulaya, moto wa misitu ya California na tufani za Florida. Yakilipa sana, aghalabu hupandisha bei mwaka unaofuata. Bei hiyo hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka ofisi za Munich na Zurich, mpaka ifike juu ya meza ya jikoni ya mwuguzi msaidizi wa Fort Myers, ambaye hajapata kuisikia Munich Re ikitajwa.

ANDREW NA YALIYOFUATA

Katika Florida watu huhesabu habari za bima kuanzia tufani Andrew. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, Andrew iliupiga mji wa Homestead na vitongoji vya kusini mwa Miami. Nyumba zaidi ya 100,000 zilibomolewa au kuharibiwa. Makampuni ya bima yakatakiwa kulipa fidia ya dola bilioni 15 hivi, na makampuni yapatayo 11 yakafilisika. Yaliyosalia yaligundua kuwa yalikuwa yakiuza kinga kwa bei isiyolingana na hatari, nayo yakataka ama kupandisha bei ama kufungasha virago.

Serikali ya jimbo haikuwa na njia ila kuingia kati. Mwaka 1993 ilianzisha mfuko wa tufani wa kuyasaidia makampuni ya bima kulipa fidia. Mwaka 2002 ikaunda kampuni iitwayo Citizens, ambayo kazi yake ni kumkatia bima mwenye nyumba aliyekataliwa na wengine. Hebu litafakari jambo hili, ndugu msomaji: katika nchi inayojisifia biashara ya watu binafsi, serikali imelazimika kuwa mkata bima wa mwisho. Mwaka 2023 Citizens ilikuwa na wateja wapatao milioni 1.4, na kwa hesabu hiyo ilikuwa kampuni kubwa ya bima ya nyumba kuliko zote jimboni. Tangu hapo serikali imekuwa ikiwahamishia wateja kwenye makampuni binafsi, hata kufikia mwisho wa mwaka 2024 idadi yao ikawa chini ya milioni 1.

Citizens nayo haina fedha za miujiza. Ikipungukiwa, sheria inaruhusu upungufu huo ulipwe na wakata bima wengine wa jimbo, hata yule mwenye bima ya gari tu asiyemiliki nyumba. Baada ya tufani nyingi za miaka ya 2004 na 2005, wananchi wa Florida walilipa nyongeza ya namna hiyo hadi mwaka 2015. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba haya ni ya watu wa pwani peke yao.

Majirani zetu wa Louisiana wameonja yaliyo machungu zaidi. Baada ya tufani Laura ya Agosti 2020 na tufani Ida ya Agosti 2021, makampuni 12 yaliyokuwa yakikata bima za nyumba katika jimbo hilo yalifilisika kabla ya kwisha Februari 2023. Kampuni ya mwisho ya kukimbilia ya jimbo hilo ilipandisha ada kwa wastani wa asilimia 63 mwaka huo 2023. Hebu fikiri juu ya familia iliyotimiza bajeti yake kwa taabu mwezi wa Desemba, kisha Januari ikatakiwa kuongeza zaidi ya nusu ya kile ilichokuwa ikilipa.

HESABU YA NYUMBA YETU

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi. Mwaka 2014 ada ya bima yetu ilikuwa dola 1,450. Mkopo wetu wa nyumba ni wa riba isiyobadilika, nao hutugharimu dola 780 kila mwezi. Benki ndiyo inayokusanya ada ya bima pamoja na mkopo, kidogo kidogo kila mwezi, kisha inailipa kampuni ya bima kwa niaba yetu. Wakati ule fungu la bima lilikuwa dola 121 kwa mwezi, na hatukuliona kuwa mzigo.

Mwaka 2020 ada ikafika dola 2,300. Mwaka 2021 ikawa dola 3,100. Aprili 2022 ikaja barua isiyokuwa na bei ndani yake. Kampuni ilitujulisha kwamba haitaendelea na nyumba yetu, kwa kuwa paa lilikuwa na umri wa miaka 18. Lilikuwa limeezekwa mwaka 2004, baada ya tufani Charley kuupitia upande huu wa pwani. Paa lilikuwa halivuji. Mume wangu alipanda juu mwenyewe, akashuka akasema, "Mama Rehema, paa ni zima. Kilichochakaa ni tarehe yake."

Mwenye mkopo hana hiari ya kukaa bila bima. Benki imeikopesha nyumba, na benki haikubali nyumba iondoke na upepo huku deni limebaki. Ukikosa bima, benki yenyewe huitafuta kwa niaba yako, tena ya bei ghali, inayolinda zaidi fedha yake kuliko vyombo vyako. Kwa hiyo tukaezeka. Kazi hiyo ilitugharimu dola 17,000, na fedha hizo tulizitoa katika akiba ya masomo ya binti yetu. Rehema alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha mji mwingine. Akaanza badala yake katika chuo cha miaka miwili hapa hapa mjini, akilala nyumbani. Hakulalamika. Lakini mzazi humsoma mtoto hata anaponyamaza.

Kampuni nyingine ikatupokea kwa dola 4,400. Mwaka 2023 ikadai dola 5,900, ambazo ni karibu dola 492 kwa mwezi. Mkopo haukupanda hata senti moja, nyumba haikuongezeka hata tofali moja, na fungu la bima limekuwa mara nne ya lilivyokuwa. Wakati wa kuzipanga fedha hizo, fungu la kwanza kupunguzwa lilikuwa lile nililokuwa nikimtumia mama yangu Tanga. Mama hajapata kuiona tufani ya Florida, lakini imemfikia.

UPEPO AU MAJI?

Usidhani kwamba anayelipa ada hiyo yote amekingwa na kila kitu. Mkataba wa bima ya nyumba Marekani hulipa hasara ya upepo, lakini haulipi hasara ya mafuriko. Maji yana bima yake ya mbali, na kwa sehemu kubwa bima hiyo ni ya serikali kuu, chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 1968. Mpango huo hulipa nyumba ya familia moja fidia isiyozidi dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vyombo. Tena kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, hivyo aliyesubiri kuliona wingu amekwisha chelewa.

Lakini tufani haitenganishi upepo na maji. Tarehe 29 Agosti 2005, tufani Katrina ilipoipiga pwani ya Mississippi, mamia kwa mamia ya familia walirudi wakakuta sakafu tupu. Je, nyumba ilibomolewa kwanza na upepo, ndipo maji yakaja kuyachukua mabaki, au maji ndiyo yaliyoiangusha? Jibu la swali hilo lilikuwa tofauti kati ya kulipwa fidia na kukosa, na kesi zake ziliendelea mahakamani kwa miaka. Na si pwani tu. Septemba 2024, tufani Helene iliingia Florida kisha ikabeba mvua mpaka kwenye milima ya North Carolina, mamia ya maili kutoka baharini, ikaleta mafuriko kwa watu ambao wachache sana kati yao walikuwa na bima ya maji.

Liko pia jambo la fungu la kwanza la hasara. Katika Florida, hasara ikiletwa na tufani, mwenye nyumba hujibebea mwenyewe asilimia fulani ya thamani ya nyumba kama ilivyoandikwa katika mkataba: aghalabu asilimia 2, na wapo wanaochagua 5 au 10 ili ada ipungue. Nyumba yetu imekatiwa bima kwa dola 280,000, maana ndiyo gharama ya kuijenga upya siku hizi. Asilimia 2 ya hizo ni dola 5,600. Tufani Ian ilipokuja ilituvunjia uzio, baraza ya nyuma na dirisha moja, na gharama zote zikafika dola 4,900. Kampuni haikudaiwa hata dola moja. Sikuona dhuluma katika hilo, kwa kuwa ndivyo mkataba unavyosema. Lakini nakushauri, popote ulipo na kwa bima yoyote, uyasome maandishi madogo kabla ya kuyatia sahihi.

JIRANI YANGU

Tufani Ian iliingia nchi kavu alasiri ya tarehe 28 Septemba 2022, katika kisiwa cha Cayo Costa, karibu kabisa na mji wetu, kwa upepo wa kilometa 240 kwa saa. Bahari ilifunika mji wa ufukoni wa Fort Myers Beach. Watu wapatao 150 walipoteza maisha katika Florida. Paa letu jipya lilikuwa na umri wa wiki tano. Lilistahimili.

Kando ya nyumba yetu alikaa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mjane. Alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake mwaka 2016, na siku ile alitualika tukala keki. Mwaka 2021 bima yake ilifika dola 6,200, kwa kuwa paa lake lilikuwa kuukuu kuliko letu, na fedha za kuezeka upya hakuwa nazo. Kwa kuwa hakuwa na deni la benki, hapakuwa na wa kumlazimisha. Akaiacha bima. Aliniambia tukiwa ukingoni mwa ua, "Binti yangu, nyumba hii nimeilipia miaka 30. Sasa wanataka niinunue mara ya pili, nami sitaishi miaka 30 mingine."

Nisingeweza kumjibu. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa na pensheni ya namna moja na mahitaji ya namna tatu: dawa, chakula na bima. Akaitoa ile ambayo ukiikosa leo, leo hiyo hiyo huumii.

Ian iling'oa nusu ya paa lake. Mvua ikaingia kila chumba, kuta zikaota ukungu mweusi. Alikaa miezi mitatu chini ya turubai la buluu. Serikali kuu ilimpa msaada, lakini msaada wa maafa hutolewa ili mtu apate pa kusimama, haukusudiwi kumjengea nyumba upya. Hatimaye akaja mnunuzi wa viwanja mwenye fedha taslimu, akampa bei isiyofika nusu ya ile ambayo nyumba ingeuzwa kabla ya tufani. Bibi akaondoka kwenda kukaa kwa mwanawe katika jimbo la Georgia. Leo mahali pale pana nyumba mpya ya ghorofa, iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye madirisha yasiyovunjika. Wenyewe huja miezi minne kwa mwaka, wakati wa baridi ya kaskazini.

NANI ABEBE LAWAMA?

Kila mmoja hapa ana wa kumlaumu. Makampuni ya bima huwanyoshea kidole mawakili na makandarasi waliokuwa wakizunguka mitaani wakiwaahidi watu paa la bure, kisha wakiyashtaki makampuni. Hawakusema uongo mtupu: kwa hesabu za idara ya bima ya jimbo, Florida ilikuwa na asilimia 9 hivi ya madai ya bima za nyumba nchini Marekani, lakini asilimia 79 ya kesi zake. Desemba 2022 sheria ilibadilishwa. Tangu hapo kesi zimepungua, makampuni mapya yameingia sokoni, na kasi ya kupanda kwa bei imetulia. Walakini dawa hiyo ina uchungu wake: mwenye nyumba aliyenyimwa haki yake sasa hulazimika kumlipa wakili kutoka mfukoni mwake, hata akishinda.

Wananchi nao huyanyoshea kidole makampuni. Mwaka 2025 magazeti ya Florida yalitangaza habari za uchunguzi uliofanywa kwa amri ya jimbo lenyewe, ulioonyesha kuwa baadhi ya makampuni yalikuwa yakitangaza hasara, huku fedha nyingi zikihamia kwa makampuni ndugu yenye wenyewe wale wale. Mtu anayejinyima ili alipe ada ana haki ya kuuliza ada hiyo inakwenda wapi.

Yapo na mambo yasiyo na mtu mmoja wa kushtakiwa. Mwaka 1950 Florida ilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Leo ni zaidi ya milioni 23, na wengi wamejenga karibu na maji. Mbao, saruji na mafundi vimepanda bei. Bahari imepata joto na kina chake kimepanda, na wataalamu wanatuambia kuwa tufani za siku hizi hunyesha mvua nyingi zaidi, na zile kali kabisa zazidi kuwa kali. Upepo hauko sokoni, lakini ndio unaopanga bei.

KUFUNGA PAA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii katika pwani ya tufani si ya kuchezea. Baada ya Andrew, mafundi waliochunguza magofu waliona kuwa nyumba nyingi hazikufa kwa sababu ya kuta dhaifu, bali kwa sababu ya paa lisiloshikwa vyema. Upepo ukishalinyanyua paa, mvua inaingia na kuta hazina kitu cha kuziunganisha. Kanuni mpya za ujenzi za jimbo zilianza kutumika Machi 2002. Nazo zinataka mbao za paa zifungwe kwenye ukuta kwa vipande vya chuma, misumari iwe ya kushika na kwa nafasi ndogo, na madirisha yawe na vifuniko au vioo vya kustahimili vitu vinavyorushwa na upepo.

Sheria ya Florida huyataka makampuni kumpunguzia ada mwenye nyumba aliyefanya hayo. Tulimwita mkaguzi, akapanda darini na tochi, akapiga picha vile vyuma na misumari, akajaza fomu. Ada yetu ikashuka kutoka dola 5,900 hadi 4,700. Jimbo lina mpango wa kuwasaidia wenye nyumba, ulioanzishwa mwaka 2006 na kufufuliwa mwaka 2022. Katika mpango huo jimbo huweza kutoa dola 2 kwa kila dola 1 ya mwananchi, mpaka dola 10,000. Alabama nayo hutoa ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa kuimarisha paa, na huyataka makampuni yapunguze ada kwa nyumba hizo. Ninapoitazama mipango hii huwa nafikiri juu ya jirani yangu. Kama dola 10,000 zingelifika kwake kabla ya Ian, pengine angelikuwa angali akimwagilia maua yake. Fedha hizo ni ndogo kuliko gharama ya kumhamisha mtu maishani mwake.

LINALOTUHUSU SOTE

Pwani yetu ya Afrika Mashariki imejaliwa kukaa karibu na ikweta, ambako tufani ni nadra. Nadra lakini si kamwe: mwaka 1872 tufani iliifyeka mikarafuu ya Unguja, mwaka 1952 nyingine ikaipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Nyumba nyingi za kwetu hazina bima yoyote ila ndugu. Sisemi hayo ili kukutisha. Nasema kwa sababu somo la Florida halihusu tufani tu, bali lahusu namna watu wanavyogawana mzigo.

Mimi na mume wangu tumekaa mara nyingi na kalamu na karatasi, tukijiuliza kama tubaki au tuuze. Mpaka sasa tumebaki. Kazi zetu ziko hapa, wazee ninaowauguza wako hapa, na Rehema amemaliza miaka yake miwili na sasa anajilipia nusu ya karo ya chuo kikuu. Lakini tumeandika katika karatasi ile kiasi ambacho bima ikikifikia tutaondoka, na tumekubaliana kuiheshimu karatasi hiyo kuliko nyoyo zetu.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue, ndugu msomaji. Bima ikipanda pasipo kikomo, haiwaondoi watu wote pwani. Tajiri asiyehitaji mkopo hubaki, maana upepo ukibomoa atajenga. Maskini asiye na bima hubaki, maana hana pa kwenda, mpaka siku paa litakapomwondokea. Wanaoondoka ni wale wa katikati: walimu, wauguzi, madereva, watu ambao mji hauendi bila mikono yao. Chama cha kuzikana kinachowaacha wanachama wake wa kawaida kimebaki jina tu. Na mji unaotaka kuwaweka wafanyakazi wake hauna budi kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuyafunga mapaa yao kabla ya upepo, na kuhakikisha kwamba ada wanayotoa inarudi kuwasitiri siku ya msiba.